Bega la Mrina Asali

Mume wangu alivaa shati kwa kuanza na mkono wa kulia na kulivua kwa kuanza na wa kushoto. Niliona jambo hilo wiki ya kwanza ya ndoa yetu, nikalipuuza. Akilala, alilalia ubavu wa kushoto na kuubana mkono wa kulia katikati ya magoti kama mtu anayesikia baridi, hata mwezi wa Oktoba, ambao kwetu Sikonge joto lake halimpi mtu usingizi. Nilidhani ni mazoea tu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule ya misheni, na kuhusu wanaume nilijua yale niliyoyaona kwa baba yangu basi.

Wiki ya tatu mama mkwe alitaka mbegu za mahindi zilizokuwa zimening'inizwa juu ya moshi wa jiko. Mimi sikufikia. Mume wangu akanyoosha mkono, akashika fungu la mahindi, likakwama kwenye boriti, akalivuta kwa nguvu. Nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kibichi kimevunjwa ndani ya nguo. Akaketi chini. Hakupiga kelele. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu, na mkono umekaa mbali kidogo na mwili, hauendi mbele wala haurudi. Bega lililokuwa la mviringo limechongoka kama kona ya meza, na mbele yake, karibu na kwapa, pana donge ambalo asubuhi halikuwapo.

Mimi ndiye niliyepiga yowe. Mama mkwe akaingia, akatazama, akatoka nje na kuita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwiteni baba yake mdogo. Limetoka tena."

Neno lile "tena" ndilo lililonichoma.

Baba mdogo alikuja, akavua kiatu, akamlaza mume wangu chali, akaweka kisigino kwapani mwake na kuuvuta mkono taratibu, huku akimsimulia habari za ng'ombe aliyepotea. Bega likarudi. Wakamkanda kwa kitambaa cha moto na mafuta ya karanga. Siku ya tatu akachukua shoka na kwenda porini kama vile hakuna lililotokea.

Aliporudi nilimuuliza limetoka mara ngapi. Akasema hajahesabu.

"Na wazazi wangu, mlipokuja kuposa, waliambiwa?"

"Wangeambiwa, wangekutoa?"

Nilimpikia na kumtengea maji ya kuoga, lakini siku nne sikumsemesha. Siku ya tano alianza mwenyewe kunieleza, akiwa anachonga mpini, macho hayanitazami. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, yuko juu ya mninga anatundika mzinga wa nyuki, mguu ukateleza. Akadaka tawi kwa mkono wa kulia, juu ya kichwa. Mwili ukabembea, tawi halikukatika, bega ndilo lililokubali kuachia. Wazee walilirudisha na kumwambia apumzike mwezi mzima. Lakini ulikuwa msimu wa asali, na siku ya sita alikuwa juu ya mti mwingine. Tangu hapo likawa linatoka. Lilitoka akisugua mgongo wakati wa kuoga, likatoka akirushia nyani jiwe, na mara moja lilitoka akijinyoosha kitandani asubuhi. Mara nyingine alilirudisha mwenyewe, akiinama na kuuning'iniza mkono.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu tulihamishiwa kijiji cha ujamaa, kando ya barabara. Nyumba zilipangwa kwa mistari, kukawa na shule na zahanati yenye vyumba viwili, jambo ambalo mimi nililifurahia na sioni haya kulisema. Kwa mume wangu mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu miti yake yote ilibaki kule tulikotoka, nusu siku kwa baiskeli. Tena kulikuwa na shamba la pamoja la tumbaku, na katika shamba la pamoja kila mtu anamwona mwenzake. Wenzake waliinua majembe juu ya kichwa na kuyashusha. Yeye alilima kwa kulisogeza jembe chinichini, kiwiko kimebanwa ubavuni, kama bibi kizee anayepalilia mchicha. Alimaliza tuta moja wakati wengine wamemaliza mawili.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mtu mkweli na mwenye bidii, na watu wa namna hiyo huwa hawaoni mbali. Katika mkutano alisema kwamba kijiji kina kupe. Hakutaja mtu, lakini macho yake yalijua pa kukaa. Kila mtu aligeuka kututazama. Tulipofika nyumbani nikamwambia mume wangu, "Kesho nenda ukamweleze habari za bega."

"Nikamweleze nini?"

"Kwamba unaumwa."

"Siumwi. Hebu nitazame. Ninaumwa wapi?"

Na kweli, ukimtazama alikuwa na mabega mapana kuliko balozi.

Ndipo nilipokwenda zahanati bila kumwambia. Mganga msaidizi alikuwa kijana wa Bukene, mwembamba, aliyependa kunyoosha kola yake kila anapoanza kueleza jambo. Sote tulimwita daktari, naye aliacha kutusahihisha.

"Daktari, nina swali. Mtu bega lake likiwa linatoka mara kwa mara, ni kwa nini?"

"Mtu gani, dada?"

"Mtu tu."

Akanyoosha kola. "Una kinu na mchi nyumbani?"

"Ninavyo."

"Basi nyonga yako iko hivyo. Mchi umezama ndani ya kinu, kuutoa ni kazi. Bega haliko hivyo. Bega ni chungwa limewekwa kwenye kisahani." Akakunja ngumi na kuiweka juu ya kiganja cha mkono mwingine. "Ndiyo maana mkono unazunguka kila upande. Na ndiyo maana ni rahisi kutoka. Hakuna shimo linaloushika, ni kano na nyama tu. Likitoka mara ya kwanza, ukingo wa kisahani hubanduka na kano za mbele hulegea. Mkono ukifungwa kifuani wiki tatu hivi, huenda zikashika tena. Nasema huenda, kwa sababu kwa vijana mara nyingi hazishiki vizuri hata hivyo. Lakini mtu asipozipa nafasi kabisa, ndiyo basi."

"Alizipa siku sita."

"Nani?"

"Huyo mtu."

Akatabasamu, kisha akaniuliza mkono huwa wapi bega linapotoka. Nikamwonyesha wangu, juu na nyuma, kama mtu anayetaka kurusha jiwe. Akasema hapo ndipo penyewe, huyo mtu aambiwe mkono wake usifike hapo tena. Nikamwambia kazi yake yote iko hapo. Akanionyesha la kufanya likitokea mbali na zahanati. Alinilaza mimi kifudifudi juu ya meza yake, mkono wangu ukining'inia pembeni, akafunga bandeji kwenye kifundo cha mkono na kuning'iniza ndoo yenye maji nusu.

"Kabla ya yote mguse hapa kwa jani," akasema, akinigusa upande wa nje wa mkono, chini kidogo ya bega. "Kama hasikii, au vidole vimekuwa baridi, usihangaike naye, mlete haraka. Kama anasikia, mfunge uzito, kisha ngoja. Kazi yako ni kungoja. Nyama za bega zikichoka kushindana, mfupa unarudi wenyewe. Usivute kwa ghafla. Watu wamevunja mifupa kwa haraka. Na hata ukirudi, mlete tu. Nakufundisha kwa sababu porini ni mbali, si kwa sababu ni mchezo."

Nilirudi nyumbani nikiwa na siri yangu, naye akiwa na yake.

Baada ya mvua kuisha, binamu yake aliyezoea kwenda naye kutundika mizinga aliitwa kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Desturi yetu haikuwa mwanamke kwenda kutundika mizinga, lakini mizinga miwili ya magome juu ya baiskeli moja inahitaji mtu wa kuishikilia kwa nyuma. Tukatoka alfajiri, yeye akisukuma, mimi nikishikilia. Sehemu fulani tulifuata njia ya zamani ya misafara, ambayo wakati ule ilikuwa imebaki ya mbuzi na ya warina asali.

Mti aliouchagua ulikuwa wa aina ya mtundu, mkubwa. Alipanda bila shida, kwa miguu na mkono wa kushoto zaidi, akakaa kwenye panda ya matawi, kimo cha watu wanne kutoka chini. Kutoka hapo alitakiwa kurusha kamba juu ya tawi la juu zaidi, ili mzinga uvutwe nayo. Akafunga kijiti kwenye ncha ya kamba, akauinua mkono, akarusha. Kamba ilipita vizuri juu ya tawi, na ncha yake ikashuka hadi karibu na miguu yangu. Mkono wake ukabaki huko huko juu.

"Limetoka," akasema, kama mtu anayetangaza kwamba mvua inakuja.

Nikamwambia ashike mti kwa mkono wa kushoto. Nikaanza kufunga khanga kiunoni.

"Usipande," akasema.

"Nani atakushusha?"

Nilikuwa nimepanda miti ya furu utotoni kwetu, kwa siri na kwa viboko, na miguu haikuwa imesahau. Nilimkuta ametoka jasho kama aliyemwagiwa maji. Aliushusha mkono kidogo kidogo hadi alipoweza kuuvumilia, nami nikaufunga kwa khanga yangu ya pili kama ulivyokaa, bila kuulazimisha uje kifuani. Kisha nikamfunga kamba kiunoni na mapajani, kama mzinga unavyofungwa. Alicheka kidogo kwa hilo, akaacha kwa sababu ya maumivu. Nikashuka. Nikauzungusha upande wa pili wa kamba mara mbili kwenye shina la mti wa jirani, nikawa naulegeza kidogo kidogo, naye akishuka kwa miguu na mkono wake mmoja. Mara moja mguu uliteleza na uzito wake wote ukaja kwenye kamba. Viganja vyangu viliungua. Alama ya kiganja cha kulia ninayo mpaka leo.

Palikuwa na kichuguu kikubwa karibu, upande mmoja kimebomoka na kuwa kama ukuta. Nikatandika khanga juu yake, nikamlaza kifudifudi, mkono ukining'inia upande wa ukuta. Nikamgusa bega kwa jani.

"Unasikia?"

"Nasikia. Unafanya nini?"

Nikashika vidole vyake, vilikuwa vya moto. Nikatia shoka na mawe mawili kwenye mkoba wake, nikaufunga kwenye kifundo cha mkono kwa pindo nililolichana kwenye khanga. Akauliza nani amenifundisha. Nikasema ni daktari. Akauliza daktari anajuaje. Nikasema hajui, nilimwambia ni mtu tu.

Tukangoja. Mbung'o walikuwa wengi, nikawa nawafukuza kwa tawi la majani. Alikuwa amelala kifudifudi, sikuuona uso wake wala yeye hakuuona wangu, nami nadhani ndiyo maana aliongea.

"Babu yangu alikuwa mpagazi," akasema. "Alikwenda pwani na kurudi mara nne, pembe ya ndovu iko begani. Alikuwa na sugu hapa, ngumu kama kwato. Tulipokuwa watoto alituruhusu tuiguse, mmoja mmoja. Baba naye alibeba. Katika ukoo wetu mtu anasifiwa kwa bega. Sasa mimi nisimame mkutanoni niseme nini? Kwamba langu linatoka nikijinyoosha kitandani?"

"Lakini wanakuita mvivu."

"Mvivu anaweza kuacha uvivu."

Nilikuwa nimemkasirikia mtu huyu miaka miwili kwa kunificha, kumbe aliogopa kitu ambacho mimi nisingekidhania. Nikamwambia kwamba mimi sikuolewa na ukoo wake. Akasema kwa desturi yetu nimeolewa nao. Nikamwambia basi ukoo huo leo umeshushwa mtini kama mzinga, na aliyeushusha ni mimi, kwa hiyo anisikilize.

Sijui zilipita dakika ngapi. Kivuli cha mtundu kilikuwa kimetoka miguuni pake kikafika kiunoni. Mkono ulikuwa umelegea na kurefuka, na mara nikaliona bega likijaa, likirudi kuwa la mviringo, bila mlio wowote.

"Limerudi," akasema. Akalala usingizi palepale.

Siku ya mkutano mwingine tulikutana kwenye ghala la tumbaku. Balozi alisoma majina ya wasiofika shambani wiki ile, na la mume wangu lilikuwa la kwanza. Mume wangu akasimama. Mkono ulikuwa umefungwa kifuani, safari hii kwa bandeji ya zahanati, maana nilikuwa nimempeleka kwa daktari usiku uleule. Alieleza yote kwa maneno machache, tangu mninga hadi kichuguu. Aliposema kwamba mkewe ndiye aliyemshusha, kulitokea mnong'ono upande wa wanaume, na upande wa wanawake vigelegele.

Balozi alishusha karatasi ya majina. Kisha akasema, "Ndugu, mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri lipone."

"Kwa miaka yote hiyo?"

"Ndiyo."

Akamwondoa kwenye jembe na kumweka kwenye kazi ya kuchambua majani ya tumbaku, ambayo mtu huifanya amekaa. Lakini jambo lililonishangaza ni wiki iliyofuata. Daktari aliniambia kwamba zahanati yake haijapata kuona wanaume wengi kiasi kile. Alikuja mwenye ngiri aliyoifunga kwa mkanda muda mrefu, akaja asiyeona vizuri, na balozi mwenyewe akaja siku ya Ijumaa, kwa mlango wa nyuma, akishika kiuno.

Mkono ulifungwa wiki tatu, na safari hii mimi nilikuwa mlinzi. Baada ya hapo daktari alikata mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, akaufunga kwenye nguzo ya nyumba yetu na kumfundisha mazoezi. Kiwiko kikae ubavuni, mkono uvute mpira kuelekea tumboni, urudi polepole, kisha ageuke auvute kuelekea nje. Kano zilizochanika mazoezi hayaziungi, alisema, lakini nyama zikiwa na nguvu zitafanya sehemu ya kazi yake. Kila asubuhi kabla ya uji mume wangu alisimama mbele ya nguzo. Mama mkwe alipita akatikisa kichwa. "Mwanangu anagombana na nyumba," aliwaambia majirani.

Zaidi ya mwaka bega halikutoka. Kisha baiskeli ilimwangusha kwenye mchanga, akajikinga kwa mkono, likatoka, na mwezi uliofuata likatoka tena usingizini. Daktari akaandika barua, tukapanda lori kwenda hospitali mjini Tabora.

Walipiga picha ya mifupa. Daktari wa huko, mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliinua picha dirishani tuione. Kichwa cha mfupa kilikuwa na bonde kwa nyuma, mahali kilipokuwa kikijigonga kwenye ukingo kila kilipotoka. Alisema anaweza kupasua na kuzikaza kano za mbele, lakini hakutuficha.

"Nikizikaza, bega halitatoka. Lakini mkono hautageuka tena kwenda nje kama zamani. Kurusha kitu kwa nguvu, hapana. Chagua. Mkono unaotulia, au mkono unaozunguka."

Mume wangu akaniangalia. Mimi nikaangalia picha dirishani, maana hilo halikuwa langu la kuchagua. Akauliza, "Nitaweza kubeba mtoto?" Nilikuwa na mimba ya miezi mitano.

"Utambeba."

"Basi pasua."

Nilikaa kwa shangazi yangu mjini karibu wiki tatu, nikimpelekea uji asubuhi na ugali jioni. Alirudi nyumbani na kovu mbele ya bega na mkono uliofungwa tena kwa wiki sita. Ulipofunguliwa ulikuwa mgumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Mazoezi yakaanza upya. Bega halijatoka tena mpaka leo. Kujikuna nyuma ya kichwa kwa mkono ule hakuweza, na kwa miaka mingi mimi ndiye niliyemchana nywele za upande huo. Uzeeni, baridi ya Juni ikiingia, linamuuma na kulia kama bawaba, na daktari wa siku hizi anasema ni kulika kwa kiungo, jambo la kawaida kwa bega lililotoka mara nyingi.

Mizinga hatukuiacha. Binamu yake alipanda na kutundika kwa msimu mmoja, kisha akahamia Ulyankulu. Mtoto wetu wa kwanza alipoacha kunyonya, nilimwacha kwa bibi yake, tukaenda tena porini wawili, na safari hiyo mimi ndiye niliyekaa kwenye panda na kamba mkononi. Nilirusha mara tisa, kamba ikawa inanirudia usoni. Mume wangu alikuwa chini, ameegemea baiskeli, anatazama.

"Usirudishe mkono nyuma namna hiyo," akasema. "Rusha kutoka chini, kama unayemwaga maji."

Nikarusha kutoka chini. Mara ya kumi na moja kamba ikapita juu ya tawi, akaidaka kwa mkono wa kushoto, akafunga mzinga, akaanza kuvuta.